Nyasi za Kibanja cha Ta Kagaruki

Kufika siku ya tano ya mafunzo nilikuwa nimeshamwita Saburi mjinga mara tatu, mbili kati ya hizo mbele ya watu. Yeye hakunitukana hata mara moja. Aliniita "Bibi Afisa", kwa adabu ya kukera, na kila alipolitamka jina hilo wavuvi waliinama wakajifanya wanatazama miguu yao.

Sikuomba kufundisha naye. Nilikuwa afisa uvuvi msaidizi pale Muleba, na barua iliyotoka mkoani ilisema kwamba mafuta ya meli yamezidi kupitishwa ziwani, kwa hiyo watu wa uvuvi na watu wa bandari washirikiane kuwafundisha wanakijiji wa Kaagya namna ya kuyazuia yakimwagika. Uvuvi wakanitoa mimi kwa sababu Kaagya ni kwetu. Bandari ikamtoa mtu wake. Niliposhuka kwenye basi Bukoba nikamkuta huyo mtu wa bandari ameketi juu ya pipa tupu anamenya chungwa, na moyo wangu ukafanya ule upuuzi wake wa zamani kabla sijawahi kuukataza.

Alikuwa Saburi, nahodha wa boti ya bandari. Mwezi wa nane mwaka uliotangulia, mwaka sabini na nne, alikuja nyumbani kwetu pamoja na baba yake mdogo, Mzee Mustapha, kuleta posa. Mimi nilikuwa jikoni nyuma na mama, nimeoga, nimevaa, nasubiri kuitwa. Sikuitwa. Nilichosikia ni kwamba Saburi alitia mguu mmoja ndani ya nyumba, akatazama chini, akageuka akaondoka bila kutoa hata salamu, akamwacha baba yake mdogo mlangoni na kanzu yake na mfuko wa sukari mkononi. Tangu hapo hakuniandikia hata mstari. Nilikonda. Nasema kweli, nilikonda hadi sketi zikawa zinanizunguka kiunoni, na watu wa ofisini wakaanza kuniuliza kama nina malaria.

"Habari za siku nyingi," aliniambia siku hiyo juu ya pipa lake.

"Njema. Lori linaondoka saa ngapi?"

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote hadi Kaagya.

Mafunzo yenyewe hayakuwa magumu. Tulishona magunia yakawa mrija mmoja mrefu, tukayajaza nyasi kavu, tukayafunga juu ya magogo ya migomba ili yaelee. Wanakijiji wakakiita kitu hicho joka. Joka likizungushwa mbele ya mafuta linayazuia, na nyasi zilizo ndani yake zinayanywa. Ugomvi wetu ulikuwa juu ya namna ya kulivuta.

"Boti iende mwendo wa mtu anayetembea," Saburi aliwaambia wavuvi. "Ukikimbia, mafuta yanapita chini."

"Boti isiende kabisa," nikasema mimi. "Mfunge ncha moja ufukoni, mlaze joka mshazari, upepo ufanye kazi."

"Bibi Afisa amesoma kwamba upepo wa ziwa hili unatii."

"Na nahodha hakusoma."

Siku ya kwanza kina mama walituletea nyasi. Felicitas, mwenyekiti wao, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, aliwaongoza wakiwa na mizigo kichwani, na nyasi zote zilikuwa mbichi, kijani kibichi, zimechaguliwa moja moja. Walikuwa wametafuta asubuhi nzima bondeni.  Kwetu Buhaya mgeni wa heshima hutandikiwa nyasi mbichi sakafuni, na anayekwenda kuzikata ni binti wa nyumba. Sisi tulikuwa wageni wa kijiji, kwa hiyo hata ziwa walitaka kulitandika.

"Mama zangu, asanteni," nikasema. "Lakini mbichi zimeshashiba maji. Haziwezi kunywa mafuta. Tunataka kavu."

"Kavu!" Felicitas akashangaa. "Kumpa mgeni nyasi kavu? Mawe, mama yangu! Utasema tumekufukuza."

Saburi alikuwa anakunja kamba karibu nasi. "Kumbe bado ziko nyumba ambazo binti anakata," akasema, wala hakuniangalia.

Sikuelewa alichomaanisha. Nililijua lile jicho tu, jicho la kupiga na kuficha mkono, na nikamwita mjinga kwa mara ya kwanza.

Basi siku ya tano, saa tatu asubuhi, tishali moja lililobeba mapipa ya mafuta mazito lilikwaruza mwamba nje ya rasi yetu. Tulisikia mlio, kisha kelele za watu, kisha mapipa yakibingirika. Hakuna aliyeumia. Lakini haikuchukua muda nikaona ule weusi ukitambaa juu ya maji, unang'aa, unakuja na upepo moja kwa moja kuelekea pale kina mama wanapoteka maji ya kunywa. Kaagya yote ilikuwa inakunywa pale.

"Joka!" Saburi akapiga kelele. "Ingizeni joka majini!"

Tuliliingiza. Wavuvi walifanya kazi nzuri, sitawanyima sifa yao. Lakini siku nne za mazoezi zilikuwa zimemaliza nyasi zetu, na nusu ya magunia ilikuwa imelala tupu.

"Nyasi kavu zimebaki ngapi?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Za rweya?"

Nikamwonyesha kilima. Ile mbuga yote ya nyasi juu ya kijiji, tuiitayo rweya, ilikuwa imechomwa wiki mbili nyuma kama inavyochomwa kila kiangazi. Ilikuwa nyeusi kushinda mafuta.

 Nyasi kavu nyingi zilizobaki Kaagya zilikuwa zimelala chini ya migomba, kwenye vibanja vya watu. Na kibanja kikubwa kuliko vyote kilianzia pale njia ya ufukoni inapopanda. Akikubali mwenye kibanja hicho, wengine wote watakubali. Akikataa, hakuna atakayethubutu.

"Kwa baba yako," akasema Saburi.

"Usimtaje baba yangu."

"Nimtaje nani? Nimtaje askofu? Mafuta yanakuja, Adventina."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita jina langu tangu mwaka uliopita. Nilikasirika zaidi, maana lilinipendeza. "Twende," nikasema. "Ila nitasema mimi. Wewe funga mdomo."

Tulipanda mimi, yeye, Felicitas na kina mama kumi na wawili. Baba alikuwa amesimama mwanzo wa kibanja, kwenye mikahawa, na kisu chake cha kukatia majani ya migomba. Baba yangu, Ta Kagaruki, ni mtu mwembamba, mzee wa kanisa, mtu ambaye hajawahi kuchelewa misa wala kuomba radhi.

"Kasinge, tata," nikamwamkia, nikapiga magoti. Kina mama wakaamkia, akawaitikia kwa majina yao, mmoja mmoja. Saburi akasema, "Shikamoo, mzee." Baba akatazama mgomba uliokuwa nyuma ya bega lake.

"Tata, mafuta yamemwagika. Yanakwenda pale tunapoteka maji. Tunaomba nyasi."

"Nyasi gani?"

"Hizi."

Akacheka bila kufungua mdomo. Asiyekaa Buhaya hatajua nilikuwa naomba nini. Kumwondolea mtu nyasi za kibanja katikati ya kiangazi ni kumvua nguo barabarani. Udongo unakauka, mizizi inatoka nje, mgomba unaangusha mkungu kabla haujakomaa. Nyasi zile ni kazi ya mwaka mzima.

"Na huyu amekuja kufanya nini kwangu?" baba akauliza.

"Ni kazi, tata. Tumetumwa wote wawili."

"Sikuuliza kazi. Nyumba yangu aliiacha mwenyewe kwa miguu yake, bila kuaga. Leo anapitia mlango wa shamba?"

"Mzee, maji ya watu..." Saburi akaanza.

"Nilikwambia ufunge mdomo," nikasema.

"Nimeufunga mwaka mzima! Kumenisaidia nini?" Akanigeukia, na mishipa ya shingo imemsimama. "Mzee ana haki ya kunikatalia. Ni kibanja chake. Lakini wewe, Bibi Afisa, usipige magoti hapo kama mtu aliyeonewa. Siku ile ulinijibu vizuri sana. Nilielewa."

"Nilikujibu? Mimi sikukuona hata uso!"

"Hukuhitaji kuniona. Mama yangu ni Mhaya, mimi si mgeni wa mambo haya. Baba yangu mdogo angeweza kukaa hapo akafurahi, yeye watu wake wametoka pwani, hajui. Mimi nilitia mguu ndani nikakanyaga nyasi za miezi miwili, zimekatikakatika, zina maganda ya ndizi. Posa inakuja, binti wa nyumba anajua siku na saa, na hakati hata konzi moja! Ulitaka nisubiri mpaka unitemee mate?"

Felicitas akaweka mkono mdomoni. 

"Nilikata," nikasema.

"Ulikata nini?"

"Nilikata, Saburi! Niliamka kabla ya jogoo, nikaenda bondeni peke yangu, nikakata mizigo miwili. Miwili! Tazama kidole hiki, kovu hili ni la mundu wa siku ile. Niliishusha mlangoni nikaanza kufagia, na tata akaniambia..."

 Nilikumbuka alivyoniambia. Aliniambia kwa upole, na baba yangu si mtu wa upole. *Nenda ukaoge, mwisiki wange, binti yangu, nitatandika mwenyewe.* Nami nilifurahi, jamani, nilifurahi nikidhani amekubali moyoni.

Nikamgeukia. "Tata. Ulizipeleka wapi?"

 Baba aliondoa jani moja lililonata kwenye kisu chake.

"Nilizitandika hapa kwenye mikahawa," akasema. "Umepiga magoti juu yake."

Nilitazama chini. Mabua yalikuwa yamepauka, mengine yameshageuka udongo. Sikuweza hata kulia. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua mtu anaweza kuwa nayo juu ya baba yake na bado akawa amepiga magoti.

"Mwaka mzima, tata. Umeniona nikikonda mwaka mzima. Kila nikija nyumbani ulikuwa unaniletea maziwa."

"Ulikuwa mgonjwa."

"Niliugua kwa sababu yako!"

"Sauti, Adventina," Felicitas akaninong'oneza.

"Mtu huyu hana kibanja!" baba naye akafoka. "Anaishi chumba cha bandari. Hana mgomba hata mmoja, hana kaburi la babu yake hata moja katika nchi hii. Na padri nimwambie nini, kwamba namwoza binti yangu kwa Mwislamu? Nakuuliza wewe swali moja tu. Ukifa, atakuzika wapi?"

"Kwanza ningeishi naye, mzee," akasema Saburi.

Hakulisema kwa jeuri. Alilisema kwa uchovu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Chini ufukoni mtu alikuwa anapiga filimbi ya bandari, mara mbili, mara mbili, maana yake mafuta yamekaribia.

Baba akapisha njia.

"Chukueni. Watu wasinywe mafuta kwa sababu yangu. Chukueni zote, mpaka ukutani." Kisha akanielekezea kisu. "Lakini huyu akishateremka, asipande tena kwangu. Na wewe ukimfuata, usipande."

"Basi sitapanda," nikasema.

Nililisema mbele ya Felicitas na kina mama kumi na wawili. Neno likisemwa mbele ya Felicitas limeshafika Bukoba.

Tulizichukua. Tulizikusanya kwa mikono, kwa reki, kwa kanga, tukateremka mbio na kupanda tena, na majirani walipoona kibanja cha Kagaruki kinavuliwa wakaanza kuleta za kwao bila kuombwa. Tulishindilia magunia hadi kucha zikatoka damu. Na ugomvi ulikuwa palepale.

"Polepole! Mwendo wa kutembea!"

"Fungeni ncha hii kwanza! Saburi, hiyo ncha!"

"Naiona!"

"Basi ifunge!"

Mwishowe tulifanya yote mawili, ncha moja ufukoni na nyingine kwenye boti yake, akilivuta joka taratibu mno huku upepo ukisukuma. Mafuta yakafika, yakagota, yakajikunja. Nyasi zikaanza kuyanywa. Hadi saa tisa alasiri tulikuwa tumetoa magunia meusi yasiyohesabika, na pale kina mama wanapoteka maji palikuwa safi. Felicitas alichota kwa kiganja, akanusa, akaonja, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mimi nilikwenda kukaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, mbali na watu. Gauni langu lilikuwa limeharibika kabisa. Saburi akaja akasimama hatua mbili kutoka kwangu.

"Kwa hiyo nimekuchukia mwaka mzima bure," akasema.

"Hata barua hukuandika."

"Ungeisoma?"

"Ningeichana." Nilifuta pua kwa mkono wenye mafuta, nikajipaka uso mzima. "Halafu ningekaa chini niiunganishe vipande."

Alitaka kucheka, akashindwa. Nilimwangalia kwa mara ya kwanza bila kujiiba. Alikuwa amekonda na yeye. Sijui kwa nini sikuwa nimeliona hilo siku zote tano; nadhani hasira ina macho mabovu.

"Niliomba uhamisho," akasema. "Umekubaliwa. Kigoma, Jumatatu ya wiki ijayo."

"Hongera."

"Adventina."

"Unataka niseme nini? Uje unipose wapi? Umemsikia tata. Nina chumba cha kupanga Muleba chenye kitanda na jiko la mkaa. Mwanamke haposwi kutoka chumba cha kupanga!"

"Basi panda lori. Leo. Tukafunge ndoa bomani."

"Kama gunia?"

"Kama mke wangu!"

"Mke gani anaondoka kwao bila kusindikizwa na mtu? Watasema nilitoroka. Watalisema kwa watoto wangu. Wewe unafikiri kila kitu ni boti, unakata kamba tu unaondoka. Ulifanya hivyo mwaka jana, unataka kufanya tena!"

"Umeshatoka kwenu, mwenyewe umesema mbele ya watu! Sasa unangoja nini?"

Sikujua nangoja nini. Hilo ndilo lilikuwa linaniuma. Nikikaa, nampoteza kwa mara ya pili, na sasa bila hata kisingizio cha kumchukia. Nikienda naye hivi, sina tena nyumba wala mama. Tulikuwa tunapigiana kelele kwa sauti ya watu wanaopendana, na ufuko mzima ulikuwa unasikiliza.

Kisha watu wote wakageukia kilima, nasi tukageuka. Mama yangu, Ma Klaudia, alikuwa anateremka njia ya kilimani, taratibu, na sanduku langu la shule kichwani.

Alilitua mchangani. Hakuwa anahema. Alinitazama gauni, akasonya.

"Nimekuletea nguo zako."

"Amekutuma?"

"Amesema usirudi. Mimi nimesema mwanangu haondoki na gauni moja, tena lenye mafuta." Akamgeukia Saburi, ambaye alikuwa ameshainamisha kichwa. "Wewe. Lori lenu linapita Kashozi?"

"Linapita, mama."

"Felicitas atapanda naye. Utawashusha kwa dada yangu Immakulata, pale nyuma ya kanisa, kisha uende zako Bukoba. Usiombe hata maji. Jumapili baada ya misa ya pili uje pale na baba yako mdogo, muombe kama watu wanavyoomba. Dada yangu ana nyumba na ana mume. Mambo ya dini mtayasema huko, watu wazima, mmekaa."

"Nitakuja, mama."

"Na safari hii ukiona kitu hukukipenda, uulize. Una mdomo."

"Ndiyo, mama."

"Usiniitikie ndiyo, ndiyo. Bado nimekukasirikia."

Nilipiga magoti nikashika miguu yake. "Mama, tata akijua umenipeleka kwa mama mdogo itakuwaje? Atakufanya nini?"

Alinionyesha sanduku kwa kidevu. "Angalia kama limefungwa vizuri," akasema. "Kitasa chake kilikufa zamani."

Niliinama kulitazama sanduku. Lilikuwa limezungushiwa kamba ya katani, mara mbili kwa urefu, mara mbili kwa upana, na katikati kulikuwa na fundo moja dogo, gumu, lililoingizwa ncha ndani. Nililifahamu fundo lile. Ndilo baba analofungia magunia ya kahawa yanayokwenda chama cha ushirika, wala haruhusu mkono mwingine uliguse, kwa sababu hamwamini mtu mwingine duniani kufunga kitu chake kisimwagike njiani.

"Mimi nilianza kufunga," mama akasema, akitazama ziwa. "Akaninyang'anya kamba. Akasema mafundo yangu yanafunguka."

Hapo ndipo nilipolia, kwa sauti, kama mtoto, mbele ya wavuvi wote wa Kaagya niliowafundisha siku tano. Saburi alinyoosha mkono anipokee sanduku, aliweke nyuma na magunia. Nilimkatalia. Nilipanda mbele na Felicitas, nikalipakata mapajani mpaka Kashozi.